Muua-Punda

Ajali haina kinga, watu husema.
Sawa. Mimi nimeitafutia moja,
ya bomba la inchi mbili na nusu
lililong'olewa kwenye kisima cha jirani Wiebe,
kisima kilichochimbwa mita mia na ishirini
kikatoa chumvi.

Ilikuwa Agosti, huku Chaco, upepo wa kaskazini,
vumbi laini kama poda ya mtoto
likiingia hadi ndani ya saa ya mkononi.
Wiki mbili kabla yake, usiku, njia ya Loma Plata,
kichaka cha vinali kilinyoosha mkono wenye miiba
kikachuma taa yangu ya kushoto
kama mtu anayechuma limau.
Mbele kidogo, mborevi,
mnyama ambaye pua yake haijaamua kuwa mkonga,
akasimama katikati ya barabara
akalitazama gari langu chongo.
Nilipiga breki. Yeye hakupiga hata kope.
Aliondoka alipotaka.

Zunilda hakusema neno.
Asubuhi niliikuta mezani
bei ya mbuzi wawili, chini ya bakuli la sukari.

Shemeji Nicanor akaja na jenereta,
na kofia ya kuchomelea yenye ufa kwenye kidevu.
Futi kamba tulikuwa tumeipoteza,
tukaazima ile ya ushonaji, ya Zunilda.
Inaishia mia na hamsini.
Uso wa gari una zaidi,
zilizobaki tukaongeza kwa vidole:
vyake vinene, vyangu vyembamba,
ndipo ubishi ulipoanza.

Mashine ya kukunja bomba hatuna.
Tulilijaza mchanga, mkavu kabisa,
Nicanor akiutikisa sikioni
kama anayechagua tikiti sokoni,
tukaziba ncha kwa vigingi,
tukaliweka kwenye makaa ya kebracho
mpaka likawa na rangi ya papai,
kisha tukalibana kati ya magogo mawili, tukavuta.
Lilikubali polepole, kwa kunung'unika,
kama mtu anayetia sahihi deni la ndugu yake.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
"Rossana, geuka!"
Akageukia ukuta, hakuondoka,
akakitazama kivuli chake cha buluu
kikizaliwa na kufa, kikizaliwa na kufa,
nasi tukiungana bomba kwa bomba,
pembe ya terere ikizunguka kila cheche zilipopumzika,
barafu ikigonga ndani yake.

Upande wa kushoto ukashuka sentimita mbili.
Tulikubaliana kwamba ni ardhi iliyopinda.

Kitu hiki, huku, kinaitwa muua-punda.
Rossana akaleta kamusi yake ya shule:
"Hata hii inaitwa hivyo hivyo.
Mwalimu anasema inamuua punda aliye kichwani."
Nicanor akaishika kwa mkono mmoja, akaipima.
"Nyepesi," akasema. "Ng'ombe haimzuii."

Miezi kumi na mmoja sasa.
Haijagonga kitu.
Springi zimelegea kwa uzito, na gari linatembea
limeinamisha pua, kama limeangusha sarafu.
Zunilda anaanika vitambaa vya meza juu yake.
Kuku mmoja, yule mwenye kilema, analala pale.
Usiku bado napunguza mwendo penye vinali,
bado namtafuta yule mborevi
na jambo la kumwambia sijalipata.

Lakini mchana, jua likiwa utosini,
punda wa Ña Eusebia hupenya uzio,
huja taratibu hadi kwenye muua-punda,
hutafuta ule mshono mbaya wa kushoto
uliovimba kama kovu la upasuaji wa haraka,
husugua shingo hapo, akafumba macho,
na gari zima hutikisika.

Rangi pale haikai. Napaka, anafuta.
Jumapili Nicanor alikuja na tupa
ausawazishe, maana unamtia aibu.

Nikamwambia auache.