Mapazia Mlipe

Jana umeme ulikatika, nikaiona upya simuni:
muuza mapazia anabeba sanduku la mwingine
uwanja wa ndege, na dunia nzima
inamwamkia jasusi.

Fupi kuliko nilivyoiweka kichwani.
Nikangoja neno letu,
tulilopigiana kelele hadi njia ya shule:
“Niueni, lakini mapazia mlipe!”
Halikuja.

Kumbe lilikuwa la Kambere,
mfasiri wa ukumbi wa video pale Birere,
ambaye Kifaransa kilimpiga chenga
akaziba mapengo kwa madeni yake.

Ukumbi ulibaki chini, na mabenchi yake,
mwaka ule mlima ulipotapika.
Juu yake sasa wanauza magodoro.

Nikazima sauti.
Nikamfasiria binti yangu,
vibaya,
kama inavyotakiwa.