Hafugiki

Walisema kunguru hafugiki.
Mie ninaye, mwezi wa nne sasa,
kizimbani nyuma ya skuli ya Tondooni,
mguu wa kushoto una uzi mwekundu
nisije nikamchanganya siku ya kazi.

Kizimba tulikipiga wenyewe:
mbao zilizobaki kwa fundi Mcha,
wavu wa kuku, misumari ya kunyoosha kwa jiwe,
na juu, katikati ya paa, ngazi ya fito
yenye nafasi ya kuingilia mbawa zikikunjwa,
isiyo nafasi ya kutokea mbawa zikikunjuliwa.
Nusu siku tulibishana upana wake.
Shaame alipima kwa shubiri, Bikombo kwa rula ya mwanawe.
Rula ilishinda.

Jumatano na Jumamosi, jua halijachoma,
natia matumbo ya changu, kichwa cha pweza, wali uliolala.
Huyu wa ndani hula kwa kelele.
Wa nje husikia, hudhani karamu.
Ndiyo kazi yake. Hajui kuwa ana kazi.

Waliletwa, eti, kwa meli, wafagie majaa ya Unguja,
kisha wakavuka wenyewe huku kwetu, bila cheti.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
hawa walishuka na jembe lao,
wakalima kila kiota.
Yai la chozi. Kinda la tetere.
Vifaranga vyangu tisa, mchana kweupe,
nami nimesimama pale pale naanua nguo.

Shaame wanamjua.
Kunguru hasahau sura: humfuata toka msikitini hadi dukani,
humdonoa kofia, humtukana kwa lugha yao.
Basi siku hizi huja kizimbani
kajitanda buibui la mkwewe, Bi Mize.
Mara ya kwanza watoto wa skuli walicheka
hata kengele ikapigwa mara mbili.
Kunguru hawakucheka. Walimpita tu.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.
Shaame aliuliza chuoni, akaambiwa
kunguru yumo katika wale watano walioruhusiwa kuuawa.
Nilishukuru.
Lakini ruhusa haipunguzi joto la shingo kiganjani.
Bikombo hufanya haraka, kwa vidole viwili,
kama mshoni akatae uzi.
Mie huandika daftarini:
kumi na mmoja. Saba. Ishirini na tatu. Sifuri.
Sifuri hiyo ilikuwa mvua.
Shimo liko chini ya mpapai,
na mpapai mwaka huu umezaa mpaka umeinama,
mapapai manene, ya kupendeza,
hakuna anayeyala.

Jana nikipita ukingoni mwa msitu,
juu ya mtondoo, vijiti kumi vimetupwa hovyo hovyo.
Kiota cha ninga ndivyo kilivyo:
ukisimama chini unaliona yai kwa tundu.
Lilikuwepo. Moja. Jeupe.
Nilisimama hadi shingo ikaniuma.
Sikuliandika.
Daftari letu halina safu ya walio hai.

Niliporudi, wa uzi mwekundu
alikuwa na kipande cha boflo mdomoni.
Akakipeleka kwenye kopo la maji,
akakichovya, akangoja kilainike,
vile vile kama marehemu baba na chai yake ya alasiri.
Akanitazama kwa jicho moja,
akageuza kichwa, akanitazama kwa la pili.

Bikombo anasema siku mbingu itakaponyamaza
na wa kuitwa hayupo tena,
tutamalizia na huyu.
Nikasema ndiyo. Ni kweli, ndiyo.

Walisema hafugiki.
Kopo lilikuwa limebaki nusu.
Nikamwongeza maji.