Umbali wa Vidole Vinne

Wete nzima walimwita Ngwali Kengeza,
na wote tukijua ana chongo.
Ukipenda, ndivyo unavyoita.

Jicho la kushoto lilikwenda na surua, utotoni.
Ukubwani, kwa pesa za misimu miwili ya karafuu,
akanunua kamera ya macho mawili.
Watu walicheka hadi Bopwe.

Nzito kama jiwe la mizani,
ngozi nyeusi imebanduka pembeni,
lenzi mbili, baina yake vidole vinne,
na kitundu cha kuchungulia kiko chini, katikati,
hata ukipiga picha unaiegemeza pajini
kama anayesujudu amesimama.
Kwanza utege. Kisha ubonyeze.
Tk. Milango miwili, mlio mmoja.
Kisha uzungushe filamu, usisahau:
ukisahau, bibi harusi atakaa juu ya mbuzi.

Mimi nilikuwa mtoto wa kukata kadibodi.
Filamu zikienda Nairobi, zikirudi baada ya mwezi,
vipande viwili viwili, pacha,
ila huyu kaona zaidi sikio la Mize,
huyu kaona zaidi mlango.
Nikivipachika, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto.
Siku niliyokosea, mbali kulikuja karibu,
pua ya sheha ikawa shimo.

"Chungulia," akisema, akinipa kisanduku.
Jamvi. Karafuu. Punje moja ya mbele
imetoka nje kabisa; nikanyoosha mkono niiokote,
vidole vikashika hewa.
"Imetoka?"
"Imetoka."
"Na Mize? Yuko mbele ya mlango, au kaganda nao?"
"Yuko mbele, Baba Ngwali. Mtu anaweza kupita nyuma yake."

Naye akitia jicho lake moja
akaona picha. Picha tu, bapa, kama ya kalenda.
Alikaa hapo hadi taa ya kisanduku ikafifia,
na betri siku hizo zilikuwa ghali.
Mkewe alikuwa na miezi minne kaburini.
"Pana nafasi kiasi gani, nyuma yake?"
Nikampimia kwa mikono.

Jana nimeitoa sandukuni.
Nikatega, nikabonyeza: mlango wa kulia ukafunguka,
wa kushoto ukabaki umefumba, mafuta yameganda.
Fundi saa akaigeuza geuza kwenye mwanga.
"Hii ina chongo," akasema.

Nikaichukua mkononi mwake.
Nikamwambia, kengeza tu.