Safu ya Kumi na Tisa

Tarehe kumi na nne, saa tatu usiku, Mbale.
Mtandao unapanda na kushuka kama homa.
Kesho ndiyo mwisho, nami nimekwisha kupakia
kodi ya mishahara ya mwezi uliopita:
watu ishirini na watatu wa kiwanda cha kukoboa kahawa,
namba zao, posho zao, makato yao,
dereva Wepukhulu na siku zake za ziada,
mlinzi Okiria, aliyekataliwa mara mbili
kwa kuwa mfumo unamjua kwa jina la ubatizo
na sisi tunamwita kwa jina la nyumbani.

Safu ya kumi na tisa: Kakayi, mchambuzi.
Mshahara wake haujafika panapoanza kukatwa.
Kodi: sifuri.
Kila mwezi nampitisha hivyo,
na kidole changu hakijawahi kusita.

Leo kimesita.

Maana nyuma ya ritani ya mwajiri kuna nyingine inangoja,
ya amana aliyoiacha marehemu Wambede,
mwenye kiwanda, mwenye kofia ya pama,
mwenye kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.
Zamani tuliandika mapato, tukaandika gharama,
tukatia sahihi, tukanywa chai.
Mwaka huu fomu imeota macho.
Inataka wanufaika wote, kwa majina,
tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho,
uhusiano na mwanzilishi wa amana.

Hati inasema maneno mawili tu: wanangu wote.
Wakili hakuuliza wangapi.

Mafabi, mdhamini, kifungua mimba, alipiga simu adhuhuri:
"Andika wanne. Mimi, Nandudu, Gidudu,
na Nabifo aliyeko Entebbe.
Wanne, Khainza. Usijitafutie kazi."

Nisijitafutie kazi!
Mimi niliyeandika miaka kumi na mmoja,
kila muhula ulipofunguliwa,
*matengenezo ya mashine ya kukoboa*,
kwa mwandiko ulionyooka,
na mashine ile haikuwahi kupoteza hata skrubu.
Ilikuwa karo.
Aliniletea risiti ya shule imekunjwa mara nne,
akaiweka mezani, akatazama dirishani,
akasema, "Karani, mashine imeharibika tena."
Nami nikaitengeneza.

Mashine ilimaliza kidato cha nne.
Mashine ilikuja mazishini ikakaa na wapishi.
Mashine iliomba kazi,
ikapewa ungo na kigoda,
na inapocheka, inakohoa.

Chini kabisa ya fomu pana kisanduku cha kutia alama:
*Nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli na kamili.*
Kweli ningeiweza. Wanne ni kweli.
Ni hiyo *kamili* iliyonikaa kooni kama mwiba wa ngege.
Faini ya kuchelewa naijua, naikokotoa usingizini;
riba naijua, mwezi kwa mwezi.
Lakini hili nililikokotoa mpaka umeme ukakatika,
nikaendelea gizani,
na jibu likawa tano.

Asubuhi, kabla Mafabi hajaegesha gari,
nikashuka uani.
Kakayi alikuwa ameinama juu ya ungo
akitoa punje mbovu, moja moja,
kwa kidole kimoja, bila haraka.

"Kakayi, ulizaliwa tarehe ngapi?"

Mkono ukasimama.
"Kodi imepanda? Sasa mnanikata?"

"La," nikasema. "Hukatwi."
Nikataka kuongeza neno, nikalikosa;
miaka yote ile nilikuwa nimezoea kuandika
jina la kitu kingine.

Akanitazama kitambo.
Kisha akajipangusa makapi,
akafungua fundo la leso yake,
akatoa kitambulisho kilichofungwa kwenye nailoni,
hakina mkunjo, hakina doa,
kama mtu aliyejua tangu zamani
kwamba siku moja kitaulizwa.