Kiti cha Arobaini

Kibosho, juu ya Moshi. Wakulima arobaini
wamepima kahawa leo,
orodha yangu inaonyesha mmoja:
Ndeanasia, kilo kumi na nane.

Jina la kwanza nililiweka kwa mkono, nikajiamini.
Yaliyofuata nikaiachia mashine:
weka penye urefu, toa moja.
Toa moja! Alama mbili tu,
na mteremko mzima ukakalishwa kiti cha sifuri,
kila ajaye akimfuta aliyekuwepo.

Karani Aikaeli hakunicheka.
Alifungua daftari lenye kaboni,
akasoma, nami nikachapa,
mvua ikigonga bati kama nayo inadai risiti.

Nikaifuta ile toa.
Sasa jina linakwenda penye urefu wenyewe,
maana kuhesabu kunaanza na sifuri,
na idadi ya waliokaa
ndiyo namba ya kiti kitupu.
Darasani nilikariri hilo. Sikuliona.

Arobaini wametimia. Nanyoosha mkono nizime.
Mlangoni Elinami, tope hadi magotini,
kadebe kamoja begani:
"Mmeshafunga?"

Aikaeli akaivua mizani gunia lake.
Nafasi ilikuwepo tangu zamani,
tulichokosa ni jina.