Siku ya Kumi na Tisa

Homa ni ya kweli, sauti ndiyo inayoniponza:
inatoka safi kama ya mwadhini.
Basi nikaazima kikohozi,
nikakijaribu mara mbili nikiutazama ukuta,
Barabara ya Kumi na Saba ingali imelala,
ndipo nikampigia Bwana Shekiondo.

Siku kumi na tisa kazini. Za majaribio, tisini.
Ruhusa naijua kwa jina tu,
kama binamu aliyeko Muheza.

"Naumwa, mkuu." Nikakohoa.
Kimya. Kijiko kinazunguka kikombeni mwake.
Nikamtajia kipimo, dawa mseto,
dozi ya pili baada ya saa nane,
nikaapa kwa mama yangu,
naye hata hajui kama nimeamka.

"Kijana, kuumwa si wizi.
Usinikoholee sikioni.
Ila ufunguo wa stoo ya mkonge uko wapi?"

Nikapapasa. Chini ya mto,
umechemka kama mimi.

Bodaboda imeshatumwa.
Kule getini wamesimama watu kumi na wanane.
Jana waliniita "wewe mgeni".
Asubuhi hii, nasikia,
wote wanalijua jina langu,
hadi la babu.