Mpaka Rangi

Karani wa Mahakama ya Mwanzo aliniuliza kazi yangu.
Nikasema: mpaka rangi.
Akaandika "mpaka", kisha akainua kalamu, akangoja,
kana kwamba nimekata tiketi
na bado sijamtajia mji.

Shauri lenyewe dogo. Somoe Hokororo,
pikapu nyeupe yenye mlango mmoja wa buluu,
alisimama mbele ya duka la pembejeo, hapa hapa Lindi,
ashushe magunia sita ya ufuta.
Gunia la nne likiwa mgongoni mwa kuli
Ausi Likwata akachomeka karatasi kwenye waipa:
umeegesha penye mstari wa njano.

"Mstari upi?"

Hapo ndipo kesi yote ilipolala.
Yaliyofuata yalikuwa kulizunguka neno hilo.

Wakili hakuna. Hakimu akavua miwani, akaivaa,
akasema twendeni tukauone.
Tukaenda kwa miguu, jua la saa sita, msafara kama wa posa:
hakimu, karani na faili kichwani,
Somoe, Ausi, mimi, na watoto wasioitwa shaurini.
Tukainama. Lami ilikuwa lami.
Ganda la korosho, kifuniko cha soda, alama ya tairi juu ya alama ya tairi.

Ausi akafungua chupa yake ya maji ya kunywa,
akamimina polepole, kama anayemtawadhisha mgonjwa,
na mstari ukaja.
Wallahi ukaja. Njano ya kiini cha yai la kuku wa kisasa,
urefu wa hatua mbili, hadi maji yalipoishia.
"Upo," akasema Ausi. "Sheria haichujuki."
Somoe akajifunga upya kanga. "Kwa hiyo kila nikitaka kusimama
nishuke kwanza na ndoo, niinyweshe barabara,
niiulize kama ina neno?"
Watoto wakacheka. Hakimu hakucheka, ila bega lake moja lilicheka.
Maji yakakauka tukiwa tunatazama.
Mstari ukarudi ulikokuwa.

Kisha wakanigeukia mimi.
Uliupaka lini? Wiki ya Mwenge, mheshimiwa,
miaka tisa iliyopita, usiku, kwa taa ya pikipiki.
Tulipaka pale tu Mwenge utakapopita;
ukikata kona kwenda sokoni
mstari unakatika kama sentensi ya mlevi.
Rangi ilikuwa nzuri? Nikasema ilikuwa rangi.
Karani akaandika hivyo: ilikuwa rangi.

Hakuna aliyeniuliza makopo mangapi.
Wangeuliza ningesema kumi na mawili yalisainiwa,
saba yalifika barabarani,
na msimamizi akatuambia: tieni petroli, brashi ivuteni ifike mbali.
Mstari ule haukufutika. Ulizaliwa umefifia.
Jua limesingiziwa. Matairi yamesingiziwa.
Lakini shahidi hujibu alichoulizwa.

Hukumu Alhamisi. Nina mpaka Alhamisi.

Jana jioni pikapu ya mlango wa buluu ilipanda Mitandi,
ikasimama kwangu, injini haikuzimwa.
Somoe alikuwa na swali, nililiona mdomoni,
ila macho yake yalitangulia kufika mlangoni:
mbao mbili, bawaba zenye kutu, na rangi ile
isiyotiwa petroli, miaka tisa ya mvua na jua,
inang'aa kama imepakwa jana.
Akaitazama muda wa gunia moja kushuka.
"Njano nzuri," akasema.
Nikamkaribisha ndani. Hakuingia.
Aliuliza tu kama hapo anaruhusiwa kuegesha.